Kupanga Chakula cha Juma Moja

Jana jioni mlikula nini nyumbani kwenu? Na juzi mlikula nini? Chukua daftari lako, uandike vyakula vyote ulivyokula tangu Jumatatu iliyopita. Andika pia uji wa asubuhi, embe uliloliokota njiani, na karanga ulizotafuna ukichunga mbuzi. Ukimaliza, soma orodha yako polepole. Ni chakula gani kimejitokeza mara nyingi? Ni siku gani hukula mboga za majani kabisa? Je, ipo siku ambayo ugali ulikuwapo lakini kitoweo hakikuwapo?

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba vyakula hufanya kazi tatu mwilini. Vipo vyakula vya kuutia mwili nguvu, kama vile ugali, wali, viazi vitamu, mihogo na mafuta. Vipo vyakula vya kuujenga mwili, kama vile maharage, kunde, karanga, dagaa, nyama, maziwa na mayai. Tena vipo vyakula vya kuulinda mwili usishikwe na maradhi, navyo ni mboga za majani na matunda. Siku hizi wataalamu wa lishe huvigawa vyakula katika makundi zaidi ya hayo, lakini kazi ni zile zile tatu. Katika sura hii utajifunza namna ya kuzipatia kazi hizo chakula chake kila siku, kwa juma zima, bila kutumia fedha nyingi kuliko zile zilizopo.

FEDHA HUJA KWA SIKU MOJA, NJAA HUJA KILA SIKU

Tuchukue mfano wa Bulyanhulu. Hili ni eneo la machimbo ya dhahabu katika mkoa wa Shinyanga, karibu na mpaka wa mkoa wa Geita. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulianza kuzalisha dhahabu huko mwaka 2001. Watu wa Kakola, Bugarama na vijiji vya jirani hupata riziki zao kwa njia mbalimbali. Mfanyakazi wa mgodini hulipwa mshahara mwisho wa mwezi. Mchimbaji mdogo hupata fedha siku ile shimo lake, ambalo yeye huliita duara, linapotoa dhahabu. Huweza kukaa majuma mengi bila kupata kitu. Mkulima wa mpunga, pamba au choroko hupata fedha nyingi wakati wa mavuno, kisha husubiri hadi mavuno mengine. Muuza maandazi hupata kidogo kila siku.

Utaona kwamba isipokuwa huyo wa mwisho, wote hupata fedha kwa mkupuo. Lakini tumbo halili kwa mkupuo. Hili ndilo tatizo tunalotaka kulitatua.

Watu wengine hufikiri kwamba wakila nyama nyingi siku ya mshahara, miili yao itakuwa imeshiba protini kwa mwezi mzima. Sayansi inatuonyesha kwamba sivyo. Mwili una ghala la mafuta: ukila chakula cha nguvu kupita kiasi, ziada hugeuzwa kuwa mafuta na kuwekwa chini ya ngozi na penginepo. Lakini mwili hauna ghala la protini. Protini unayokula leo hutumika kujenga na kukarabati mwili, na ile inayozidi huchomwa kama kuni au hugeuzwa kuwa mafuta. Kadhalika vitamini C haikai mwilini kwa muda mrefu. Inayozidi hutoka na mkojo. Kwa hiyo kilo tatu za nyama zilizoliwa Jumamosi haziwezi kumsaidia mtoto anayekula ugali mtupu Jumatano ya juma la pili. Mtoto anayekua anahitaji chakula cha kujenga mwili kidogo kidogo, kila siku.

Mtoto mdogo akikosa chakula cha kutosha, hasa chakula cha kujenga mwili, huweza kupata ugonjwa wa kwashiakori. Miguu yake huvimba, nywele zake hubadilika rangi na kuwa nyepesi, naye hukosa raha ya kucheza. Wengine hawavimbi, bali hudumaa, maana yake huwa wafupi kuliko umri wao. Mtoto aliyedumaa hupata shida darasani pia, kwa sababu ubongo nao hujengwa kwa chakula. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa. Wengi wa watoto hao hawakukosa ugali. Walikosa vile vinavyoliwa pamoja na ugali, au walivipata mara chache mno, au waliugua mara kwa mara.

Nchi yetu imelishughulikia jambo hili tangu zamani. Baada ya ukame na upungufu wa chakula wa miaka ya 1973 na 1974, ilifanyika kampeni ya taifa iliyoitwa Chakula ni Uhai, mwaka 1975. Watu wazima walikusanyika kwa vikundi vijijini, wakasikiliza mafunzo ya lishe kwa redio na kujadiliana. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ingali inafanya kazi hiyo hadi leo. Mwulize bibi au babu yako kama anaikumbuka kampeni hiyo.

KWANZA HESABU, KISHA SOKO

Kupanga chakula huanzia nyumbani, si sokoni. Anayekwenda mnadani bila mpango hununua kile kinachomvutia macho.

Jambo la kwanza ni kujua kuna nini ndani. Chungulia ghalani na jikoni. Je, yako michembe au matobolwa yaliyobaki? Ipo nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa? Wako kuku wanaotaga? Kilichopo nyumbani hakinunuliwi tena.

Jambo la pili ni kujua watu wangapi watakula, na umri wao. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo huhesabiwa kwanza katika mgao wa kitoweo. Katika nyumba nyingine baba hupewa vipande vyote vikubwa, na mtoto hupewa mchuzi. Desturi hiyo haina msingi katika sayansi, maana anayejenga mwili upesi kuliko wote nyumbani ni yule mdogo.

Jambo la tatu ni kujua fedha za chakula ni kiasi gani kwa juma. Kama fedha hulipwa kwa mwezi, zigawe kwa manne na kitu, maana mwezi una majuma manne na siku mbili au tatu. Siku hizo mbili tatu za mwisho ndizo ambazo watu wengi huzisahau, na ndizo siku za kulala njaa.

Sasa tuchukue familia ya mfano ya watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Familia hii imetenga shilingi 56,000 kwa chakula cha juma moja. Tukigawa kwa siku 7, tunapata shilingi 8,000 kwa siku. Mkaa na maji havimo katika hesabu hii. Bei tulizotumia ni za mfano tu. Bei za kwenu utazitafuta mwenyewe.

Unga wa dona, kilo 10 kwa shilingi 1,200 ............ 12,000
Mahindi ya makande, kilo 1 ............ 1,000
Mchele, kilo 2 kwa shilingi 2,500 ............ 5,000
Viazi vitamu, sado 3 kwa shilingi 2,000 ............ 6,000
Maharage, kilo 2 kwa shilingi 3,000 ............ 6,000
Dagaa wakavu, nusu kilo ............ 4,000
Karanga, kilo 1 ............ 3,500
Mboga za majani, mafungu 10 kwa shilingi 300 ............ 3,000
Nyanya na vitunguu ............ 3,000
Maziwa mgando, lita 2 kwa shilingi 1,500 ............ 3,000
Matunda ya msimu ............ 3,000
Mafuta ya kupikia, lita 1 ............ 5,000
Chumvi yenye madini joto ............ 500
Jumla ............ 55,000

Zimebaki shilingi 1,000. Fedha hizo zisitumike. Ziwekwe akiba, kwa sababu ipo siku mgeni atakuja.

Tazama orodha hiyo vizuri. Nyama haimo. Je, familia hii imefanya makosa? Hebu tupime. Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina protini kiasi cha gramu 200. Kilo moja ya maharage makavu ina kiasi cha gramu 220. Dagaa waliokaushwa vizuri wamekwisha kupoteza maji yao, kwa hiyo kilo moja ina zaidi ya gramu 500. Tuseme kilo ya nyama ni shilingi 10,000. Kwa fedha hizo hizo familia imenunua kilo mbili za maharage na nusu kilo ya dagaa. Fanya hesabu: gramu 440 za maharage na gramu 250 za dagaa ni gramu 690. Hizo ni zaidi ya mara tatu ya protini ya nyama. Nyama ingeliwa kwa mlo mmoja au miwili. Maharage na dagaa vitatosha milo saba.

Huenda umesikia kwamba protini ya maharage si kamili kama ya nyama. Ni kweli, lakini kuna dawa yake. Protini ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali ya namna nyingi. Mahindi yana upungufu wa tofali fulani ambalo maharage yanalo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa tofali jingine ambalo limo katika mahindi. Vikiliwa pamoja hukamilishana. Ndiyo maana makande ni chakula bora sana, ingawa watu wengine hukidharau na kukiita chakula cha bwenini.

Dagaa nao wana faida ambayo samaki mkubwa hana. Sangara huondolewa miba, lakini dagaa huliwa mzima, pamoja na mifupa yake midogo. Humo mna madini ya kalisi yanayojenga mifupa na meno yako. Dagaa wa Ziwa Viktoria hufika kwa wingi katika masoko ya Shinyanga na Geita. Wengine hukaushwa juu ya mchanga; waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu hadi chini ya sufuria kusiwe na mchanga.

KUPANGA SIKU SABA

Familia ikisha kununua, kazi iliyobaki ni kupanga nini kitaliwa lini. Kanuni hapa ni moja: kinachooza upesi kiliwe mapema, kinachodumu kingoje. Tuchukulie kwamba siku ya mnada ni Jumapili. Mchicha na matembele vitaliwa mwanzoni mwa juma. Nsansa, ambayo hukaa miezi, itangoja hadi Ijumaa.

Jumatatu: asubuhi uji wa dona na karanga, mchana ugali, maharage na mchicha, jioni ugali, dagaa na matembele.
Jumanne: asubuhi viazi vitamu, mchana ugali na mlenda ulioungwa karanga, jioni wali na maharage.
Jumatano: asubuhi uji, mchana ugali, dagaa na mchicha, jioni viazi vitamu na maziwa mgando.
Alhamisi: asubuhi viazi vitamu, mchana makande, jioni ugali na matembele ya karanga.
Ijumaa: asubuhi uji, mchana ugali na nsansa iliyoungwa karanga, jioni ugali, dagaa na mlenda.
Jumamosi: asubuhi uji, mchana viazi vitamu na maziwa mgando, jioni ugali na kisamvu cha karanga.
Jumapili: asubuhi viazi vitamu, mchana wali na maharage, jioni ugali, maharage yaliyobakizwa mchana, na mboga mpya kutoka mnadani.

Matunda hayakuandikwa, kwa sababu hubadilika kwa msimu. Kuanzia Novemba hadi Januari ni maembe. Wakati mwingine ni mapapai, mapera au ubuyu. Lakini yasiachwe. Mboga za majani na maharage yana madini ya chuma yanayotengeneza damu, na mwili huyapokea vizuri zaidi mtu anapokula tunda lenye vitamini C pamoja na chakula hicho. Chai ya rangi hufanya kinyume chake: ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya kula. Inafaa kutafakari jambo hili: katika nchi inayochimba madini chini ya ardhi usiku na mchana, watoto wengi wana upungufu wa damu kwa kukosa madini yaliyomo katika fungu la mchicha.

Umeona pia kwamba karibu kila mboga imeungwa karanga au mafuta. Si kwa ladha tu. Vitamini A, inayolinda macho na ngozi, huyeyuka katika mafuta. Bila mafuta, sehemu kubwa hupita tumboni bila kupokewa. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina vitamini hiyo kwa wingi kuliko vile vyeupe. Mkiwa na shamba, ombeni mbegu yake kwa bwana shamba au bibi shamba.

Familia imenunua dona badala ya sembe. Sembe ni nyeupe na laini, lakini kiini na ganda la punje vimeondolewa, pamoja na vitamini nyingi na mafuta kidogo yaliyokuwamo. Kwa sababu dona ina mafuta hayo, huharibika mapema kuliko sembe. Kwa hiyo sagisheni mahindi ya juma moja au mawili tu, mengine yabaki ghalani yakiwa punje.

MAHARAGE NA MKAA

Watu wengine hawapiki maharage mara kwa mara kwa sababu yanamaliza mkaa. Kuna njia ya kupunguza hasara hiyo. Fanya jaribio lifuatalo.

Vifaa: vikombe viwili vya maharage makavu, bakuli, sufuria mbili za aina moja, maji, saa.
Namna ya kufanya: Jioni pima kikombe kimoja cha maharage, uyaweke katika bakuli yenye vikombe vitatu vya maji. Funika, uache hadi asubuhi. Asubuhi mwaga maji, kisha pima maharage kwa kikombe kile kile. Sasa yajaza vikombe vingapi? Yaweke katika sufuria ya kwanza. Katika sufuria ya pili weka kikombe cha maharage makavu ambayo hayakulowekwa. Mtu mzima akusaidie kuzibandika zote mbili juu ya mafiga yenye moto ulio sawa. Andika saa ambayo kila sufuria imeiva.

Utaona kwamba maharage yaliyolowekwa yamevimba na kukaribia vikombe viwili, na yameiva mapema. Sababu ni kwamba maji yamekwisha kuingia ndani ya punje usiku, bila mkaa. Lakini hata kama yamelainika, lazima yachemke kwa nguvu. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha. Maji ya kulowekea yasitumike kupikia.

SADO, FUNGU NA KILO

Sokoni vitu haviuzwi kwa kilo tu. Kuna debe lenye ujazo wa lita 20, kuna sado yenye ujazo wa lita 4, na kuna mafungu yaliyopangwa juu ya gunia. Ili kulinganisha bei, lazima vyote uvigeuze kuwa kipimo kimoja.

Tuseme fungu la dagaa huuzwa shilingi 1,000. Ulipolipima kwa mizani ya duka, ulikuta lina gramu 100. Kilo moja ina mafungu kumi kama hayo, kwa hiyo kilo ya mafungu ni shilingi 10,000. Lakini kilo moja ikipimwa mara moja huuzwa shilingi 8,000. Anayenunua fungu kila siku hulipa zaidi, na aghalabu ndiye mwenye fedha kidogo. Haya si makosa yake. Hana fedha za kununua kilo nzima. Majirani wawili au watatu wakichanga, huweza kununua kilo na kugawana sawasawa.

Angalia pia namna kipimo kinavyojazwa. Sado iliyobonyea chini huonekana imejaa, kumbe imepungua. Ukinunua mahindi au karanga, chota kwa mkono kutoka ndani ya gunia, si juu tu. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zikataliwe hata zikiwa rahisi. Ukungu huo huweza kutengeneza sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu kadhaa wa mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa kwa kula nafaka zenye sumu hiyo.

MIEZI YA SHIDA

Mvua za Bulyanhulu huwa na msimu mmoja. Huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, hukoma Aprili au Mei. Wakati wa mavuno mahindi na mpunga huwa rahisi. Kadiri maghala yanavyopungua, bei hupanda, hasa kati ya Desemba na Machi. Juma moja la Julai na juma moja la Februari haviwezi kuwa na mpango mmoja.

Wasukuma walilijua jambo hili kabla ya mizani na vitabu. Viazi vitamu vibichi humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Hivyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Majani ya kunde hukaushwa kuwa nsansa. Vyote hivyo hudumu kwa sababu vijidudu vinavyoozesha chakula haviwezi kuishi pasipo maji. Ila majani ni afadhali yakaushwe kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huharibu vitamini A.

Mihogo nayo ni akiba nzuri, lakini ina hatari yake. Mihogo michungu ina sumu ya jamii ya sianidi. Kwa kushangaza, sianidi ndiyo kemikali ambayo migodi mikubwa huitumia kuitoa dhahabu katika mawe yaliyosagwa. Mihogo hiyo lazima ivundikwe au ilowekwe kwa siku kadhaa, kisha ikaushwe kabla ya kusagwa. Wakati wa njaa watu huwa na haraka. Mwaka 1985, huko Tarime mkoani Mara, watu waliokula mihogo michungu isiyotayarishwa vya kutosha wakati wa ukame walipata ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla na hauponi.

Kwa kuwa tumetaja kemikali, kuna onyo jingine kwa watoto wa machimboni. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasia dhahabu, kisha huichoma ili zebaki igeuke mvuke. Mvuke huo hauonekani, nao huharibu ubongo. Kikaango au sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo isipikiwe chakula kamwe, hata ikisuguliwa kwa majivu mara kumi. Ndoo na mapipa yaliyobeba kemikali za machimbo yasitumike kuwekea maji ya kunywa wala nafaka. Zebaki isichomwe jikoni.

Miezi ya shida haitokani na mvua peke yake. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia makinikia ya dhahabu kusafirishwa nje ya nchi, mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi na wafanyakazi wengi waliachishwa. Shughuli za chini ya ardhi zilifufuliwa baada ya miaka mitatu hivi. Katika nyumba nyingi fedha za chakula zilipungua katikati ya mwaka, pasipo kungoja msimu.

Fedha zikipungua, mpango haufutwi, bali hupunguzwa kwa akili. Anza na vile ambavyo kazi yake huweza kufanywa na kitu kingine cha bei ndogo. Kilo mbili za mchele zikibadilishwa kwa kilo mbili za dona, familia yetu ya mfano huokoa shilingi 2,600. Mafuta huweza kupungua kama mboga zinaungwa karanga. Mboga huweza kutoka katika bustani ndogo nyuma ya nyumba, inayomwagiliwa maji yaliyooshea vyombo. Maharage na dagaa viwe vya mwisho kuguswa. Soda na biskuti havikuwamo katika orodha tangu mwanzo. Ukitaka kujua sababu, uliza bei ya soda moja na bei ya yai moja katika duka la karibu, kisha linganisha kazi zinazofanywa na kila kimoja mwilini.

KAZI YA KUFANYA

1. Rudia orodha ya vyakula uliyoiandika mwanzoni mwa sura. Weka alama mbele ya kila chakula kuonyesha kazi yake mwilini. Ni kazi gani iliyokosa chakula kwa siku nyingi?

2. Siku ya mnada, uliza bei ya vyakula vyote vilivyomo katika orodha ya familia ya mfano. Andika bei za kwenu mbele ya kila kimoja, kisha tafuta jumla mpya. Je, shilingi 56,000 zinatosha?

3. Pima fungu moja la nyanya na sado moja ya nyanya. Kokotoa bei ya kilo moja kwa kila namna.

4. Mvua imeharibu barabara, na siku ya mnada dagaa hawakufika. Familia ya mfano ina shilingi 4,000 ilizotaka kununulia dagaa. Zitumie kununua chakula kingine cha kujenga mwili, kisha andika upya milo ya Jumatatu jioni, Jumatano mchana na Ijumaa jioni.

5. Duara la baba halikutoa kitu mwezi huu, na familia ina shilingi 42,000 tu kwa juma. Ipangie orodha mpya ya manunuzi. Onyesha hesabu zako, na eleza kwa nini umeondoa kila ulichokiondoa.

6. Pamoja na mama, bibi au mlezi wako, pangeni chakula cha nyumbani kwenu cha juma lijalo. Kila jioni andika kilicholiwa kwa kweli. Leta daftari darasani Jumatatu itakayofuata.